Viwiko Ndani: Wasifu wa Marehemu Gavrilă Dunca, Mshika Breki na Mpiga Picha wa Izvoru Fagului (1947–2019)

Umesomwa na dada yake, Varvara Dunca, makaburini Izvoru Fagului, Jumapili tarehe 20 Oktoba 2019

Padri Ilarion, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa uongozi wa reli ambao leo, kwa mara ya kwanza, mmefika kwa wakati:

Marehemu Gavrilă Dunca alizaliwa Jumamosi, tarehe 8 Novemba 1947, hapa hapa Izvoru Fagului, siku ya sikukuu ya Malaika Wakuu, na ndiyo sababu alipewa jina la Malaika Gabrieli kwa namna tunavyolitamka sisi. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Achim Dunca, mkata magogo, na Mama Todosia. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa hatua themanini kutoka reli nyembamba ya msituni. Mama yetu alizoea kusimulia kwamba mtoto huyo hakulia mpaka Elvira, garimoshi letu, alipopiga honi. Nimeombwa na wengi nirudie habari hiyo leo. Hata hivyo, ukweli unastahili heshima hata makaburini: siku ya sikukuu Elvira hakutembea. Mtoto alilia mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1954 hadi 1961. Katika miaka miwili ya mwisho vioo vya darasa lake vilikuwa vimevunjwa na mvua ya mawe, na wahusika wilayani, ambao ofisi zao hazikukosa kioo hata kimoja, hawakuleta vingine. Wanafunzi walisoma kwa taa huku madirisha ya mbao yamefungwa mchana kweupe. Gavrilă alikuta tundu la msumari kwenye ubao wa dirisha lililotazama reli. Siku moja, taa ikiwa imezimika, Elvira alipita nje juani, na mle ndani, juu ya ramani ya nchi iliyotundikwa ukutani, darasa zima lilimwona akipita magurudumu juu, moshi chini, mdogo kama kiwavi. Mwalimu alimzaba kibao Gavrilă kwa kulitanua tundu lile kwa kalamu. Kisha akaizuia taa isiwashwe, akasema, “Ngojeni, arudi.” Walimngoja Elvira mpaka alasiri. Somo la hesabu la siku ile halikufundishwa kamwe, na marehemu hakujua kugawanya hadi mwisho wa maisha yake.

Baada ya miaka miwili katika chuo cha misitu, aliajiriwa mwaka 1965 kuwa mshika breki wa treni ya magogo. Kwa vijana mliokuja na magari yenu, nieleze: mshika breki alisimama kwenye behewa la mwisho, nje, kiangazi na baridi, akikaza gurudumu la chuma kila treni iliposhuka mlima, ili magogo yasimtangulie Elvira kufika kijijini. Hakupewa koti wala kinga ya kufunika pua, na moshi wote uliotoka mbele ulimfikia yeye nyuma. Hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kulalamikia. Mimi niliona, na nililalamika kwa maandishi.

Lakini behewa la mwisho lilimpa jambo ambalo dereva hakulipata. Pale Kona ya Nyuki, reli inapouzunguka mlima wa miti ya fagu kama mundu, mtu aliye nyuma huiona treni yote mbele yake, kutoka bomba la moshi hadi miguuni pake. Na kila mwaka, katikati ya Oktoba, mlima huo hugeuka rangi ya shaba iliyosuguliwa kwa siku tisa, kisha upepo mmoja unamaliza kazi. Mwaka 1969 marehemu alinunua kamera kuukuu mjini, na tangu siku hiyo alitaka picha moja tu. Alituambia masharti yake mara nyingi kiasi kwamba watoto wake waliyajua kabla ya Baba Yetu: majani yawe yameiva yote, treni ionekane nzima, moshi uwe mweupe, na kusiwe na kiwiko kilichotoka dirishani.

Wapo waliomcheka kwa sharti hilo la nne. Marehemu alijibu kwamba mlima umejipamba mwaka mzima kwa ajili ya siku tisa, na Elvira amepanda bila kuchoka, na halafu mtu mmoja anatundika kiwiko chake katikati kama soksi kwenye kamba ya harusi. Sijasikia hoja ya kumpinga iliyosimama.

Nyuma ya kila picha aliandika kwa penseli tarehe, saa, mahali, na mstari mmoja wa mwisho ulioanza na neno “Kosa”. Ameacha picha elfu kumi na moja. Nimezisoma nyuma zote. Kosa: ukungu. Kosa: moshi mweusi, wamechoma kuni mbichi. Kosa: ng'ombe. Kosa: kiwiko. Kosa: viwiko viwili, vya mtu mmoja. Hakuna hata picha moja aliyoisamehe.

Jumapili, tarehe 6 Februari 1972, alifunga ndoa na Nastasia Marinca, mpishi wa kantini ya wakata miti kule juu mwisho wa reli. Harusi ilipendeza, na tunalijua hilo kwa ushahidi, kwa sababu bwana harusi alipiga picha zote yeye mwenyewe. Katika picha arobaini na mbili bibi harusi anaonekana akitabasamu kando ya nafasi tupu. Baba mkwe alipoletewa albamu aliipekua mara mbili, akauliza, “Samahanini, huyu binti yangu ameolewa na nani?”

Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na saba, jambo linalostahili kuandikwa kwa heshima ya mjane. Majira ya baridi ya mwaka 1974 mumewe alisafisha filamu zake katika pipa la kabeji ya kuchachusha. Nastasia alipogundua, alimpelekea nguruwe kabeji ile. Nguruwe aliinusa, akarudi kulala.

“Nimechukua pipa dogo,” marehemu alijitetea.

“We mwanamume,” mkewe akamwambia, “hata nguruwe amekushinda akili, na yeye tunamchinja Desemba.”

Mungu aliwajalia watoto wawili, Sânziana na Achim.

Sasa nafika kwenye siku ambayo baadhi ya jamaa wameniomba niiruke. Sitairuka.

Alhamisi, tarehe 13 Oktoba 1983, marehemu alikuwa mapumzikoni. Wakati ule ilikatazwa kupiga picha reli, madaraja na stesheni, kana kwamba adui angeshindwa kulala mpaka aone jinsi tunavyobeba magogo. Asubuhi Sajenti Oltean, kijana wa tambarare aliyekuwa na wiki tatu tu hapa kwetu, alimkuta Gavrilă amelala kifudifudi kando ya reli akiwa na kamera usoni. Alimpeleka kituoni, ambacho kilikuwa nyumba ya zamani ya mfuga nyuki, pale chini ya kona. Mahojiano yao marehemu alitusimulia mara nyingi, na sajenti mwenyewe, ambaye amestaafu na leo yupo hapa safu ya tatu, amethibitisha kila neno.

“Ulikuwa unapiga picha nini?”

“Majani, afande.”

“Na reli inafanya nini ndani ya majani?”

“Inapita, afande. Imekuwa ikipita hapo tangu sijazaliwa.”

“Majani yana nini cha kupigwa picha? Si kila mwaka yanaanguka?”

“Ndiyo maana nawahi.”

Kanuni zilidai kila mtuhumiwa apigwe picha. Kituo kilikuwa kimeletewa kamera mpya ambayo haikuwa imeguswa na mtu, na umeme ulikuwa umekatwa, kama ulivyokatwa kila siku. Kwa hiyo walitoka uani. Sajenti alikata ubavu wa boksi la biskuti, akaandika “Na. 1”, kwa sababu hakuwa amemkamata mwingine mwaka ule, akamtundikia mtuhumiwa kifuani kwa kamba.

“Afande,” marehemu akasema, “kwanza toa kidole kwenye jicho lake.”

“Jicho la nani?”

“La kamera. Sasa rudi nyuma. Tena. Tena kidogo.”

“Usinielekeze! Wewe ni mshitakiwa.”

“Mshitakiwa ni mimi, sikatai. Lakini ukinipiga hapo karibu na ukuta nitatoka mweusi kama chungu, na mkuu wako atakuuliza umemkamata nani. Njoo huku, mimi nisimame huku, mlima uwe nyuma yangu. Haya, piga magoti.”

“Nipige magoti mbele yako?”

“Si mbele yangu, afande. Mbele ya mwanga.”

Sajenti akapiga magoti kwenye nyasi.

“Nibonyeze?”

“Bado. Kuna wingu.”

“Wingu liko wapi?”

“Linakuja.”

Hakukuwa na wingu. Kulikuwa na Elvira, ambaye kila siku saa tisa na dakika kumi alasiri alishuka Kona ya Nyuki, na honi yake ilikuwa imekwisha kusikika juu, kwenye daraja. Marehemu alisimama akiupa mlima mgongo. Hakuona kitu, alihesabu kwa masikio: daraja, mwamba, kichaka cha matunda mwitu, kona. Mlima ulikuwa umeiva wote. Honi ikalia tena, karibu kabisa.

“Sasa!” alipiga kelele, na sajenti, kwa mshtuko, alibonyeza.

Ndivyo alivyotumia kamera ya wenye amri, filamu ya wenye amri na kidole cha wenye amri kuipiga picha waliyoikataza. Walimnyang'anya kamera yake, wakamfungia siku tatu. Alirudi nyumbani Jumapili, mchafu, na furaha imemjaa kupita kiasi.

“Nastasia, nimeipata! Yote manne! Majani, treni nzima, moshi niliuonja kwa pua, ni mweupe, na viwiko hakuna, maana kwenye behewa la abiria siku ile ulikuwa wewe peke yako na mbuzi wa mjane Rafila, na wewe unajua sheria.”

Mkewe, aliyekuwa akishuka na treni hiyo kila alasiri kutoka kantini, aligeuka mwekundu kama bitiruti ya supu. Akasema, “Kula.” Sote tulidhani ni hasira.

Kuanzia siku hiyo, kwa miaka thelathini na sita, kila aliposifiwa picha marehemu alijibu, “Nzuri zaidi iko jela.” Utawala ulipobadilika, wengine walidai mashamba, wengine misitu. Yeye alidai picha. Alipochoka kudai, nilidai mimi. Niliandika barua kumi na nne kwa ofisi ya kumbukumbu, na majibu yake nimeyahifadhi ili vizazi vijavyo vijue jinsi raia alivyotendewa. Mwaka 2006 faili haikuwepo. Mwaka 2008 ilikuwepo, lakini ilikuwa ya Dunca mwingine, daktari wa mifugo. Mwaka 2011 ilikuwa ya kwetu, lakini picha haikuweza kutolewa kwa sababu ilionyesha miundombinu ya reli. Naomba mkumbuke kwamba mwaka huo huo watalii elfu kadhaa walipanda reli hiyo hiyo, na kila mmoja alikwenda nayo nyumbani ndani ya simu yake.

Mtu mmoja tu katika familia hakuniunga mkono. “Wifi,” Nastasia aliniambia kila nilipotia gundi bahasha, “achana na hiyo faili. Mambo yamelala, yaache yalale.” Nilimhutubia kuhusu haki za raia. Nilimwambia kwamba woga ndio ulioturudisha nyuma. Alinisikiliza kwa upole, akaenda kuchochea moto. Nilimwona mwoga, na leo mbele yenu ninamwomba radhi, kwa sababu alichokuwa akikiogopa hakikuwa kile nilichodhani.

Magogo yalianza kubebwa na malori, Elvira akalala miaka mitano, kisha mwaka 2001 akaamshwa kwa ajili ya watalii. Marehemu aliitwa tena kwenye breki yake, na akaanza upya kuisaka picha ileile, safari hii kwa rangi. Hapo ndipo alipopambana na adui wake mkubwa. Mkata miti alitoa kiwiko kimoja kwa uchovu. Mtalii hutoa viwiko vyote viwili, simu, kichwa, na mtoto. Marehemu alichonga kibao, akakichomeka kando ya reli kabla ya kona: VIWIKO NDANI. Uongozi wa reli ulikiondoa kwa maelezo kwamba kinawachukiza wageni. Alichonga kingine. Kiliondolewa. Alichonga vibao tisa, na cha tisa nimekikuta wiki hii kimefanywa mlango wa banda la kuku nyuma ya stesheni. Anayehusika anajijua, na amekaa karibu na meneja.

Wengi wenu mlikuwemo katika safari ya Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2008. Mabehewa yalijaa, mlima ulikuwa unawaka, na moshi, kwa rehema za kuni kavu, ulikuwa mweupe kama pamba. Marehemu alipita na kipaza sauti cha mkononi akiwasihi abiria. Mama mmoja kutoka jiji kuu hakusogea.

“Mzee, kiwiko ni changu.”

“Kiwiko ni chako, mama, sina ugomvi. Lakini kona ni ya watu wote.”

“Basi ngoja nami niipige, halafu nitakiingiza.”

“Ukikiingiza kona itakuwa imekwisha!”

Hapo Nastasia, ambaye kwa sababu zake alitamani sana mumewe aipate picha mpya na kuisahau ya zamani, alifanya jambo la busara kuliko vibao vyote tisa. Alifungua vikapu na kuwagawia abiria ugali wa moto na jibini, na kabeji zilizoviringishwa nyama, kila mtu sahani iliyojaa mpaka ukingoni, dakika tatu kabla ya kona. Mtu aliyeshika sahani ya moto kwa mikono miwili hana kiwiko cha kumtolea jirani. Tuliingia Kona ya Nyuki katika ukimya ambao haujapata kutokea katika treni ya watalii. Madirisha yote yalikuwa matupu. Marehemu aliinua kamera. Na dereva, Petrache wetu, akishangaa kwa nini hasikii kelele nyuma, alitoka dirishani hadi kiunoni kutazama kama bado ana abiria.

Nyuma ya picha hiyo imeandikwa: “Kosa: Petrache.”

Alistaafu mwaka 2012. Mwaka 2016 mapafu yake yalianza kumsumbua. Daktari wa mjini alimuuliza alivuta pakiti ngapi kwa siku. Marehemu hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Alimvuta Elvira zaidi ya miaka arobaini, na kwa hilo barua yangu ya mwaka 1979 kuhusu kinga ya pua ingali inasubiri majibu. Mwezi uliopita walitaka kumlaza hospitali. Alikataa. “Daktari,” alisema, “nipangie Novemba. Oktoba nina kazi.” Tulimwekea kitanda karibu na dirisha linalotazama mlima, na mtungi wa hewa kando yake.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba, mwendesha baiskeli wa posta alileta bahasha. Barua ya kumi na nne ilikuwa imejibiwa. Ndani mlikuwa na picha moja nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, imekunjika pembe moja. Nastasia alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Nilimpa kaka yangu bahasha bila kuitazama, kwa sababu haikuwa yangu.

Aliishika kwa mikono miwili. Kisha akaomba kioo cha kukuzia. Akainama juu yake, mtungi ukipumua kando.

“Majani,” alisema. “Yote.” Akasogeza kioo. “Nzima. Mpaka behewa la mwisho.” Akasogeza tena. “Mweupe, Varvara. Ona mweupe huo.” Akakirudisha kioo nyuma kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: “Kiwiko.”

“Hapana,” nikasema.

“Behewa la tatu. Kiwiko!” Akainua kichwa. “Nastasia!”

“Supu inaungua,” alijibiwa.

“Nastasia, siku ile kwenye behewa la abiria alikuwemo nani?”

“Watu.”

“Watu gani? Mlikuwa wewe na mbuzi wa Rafila!”

“Basi ni mbuzi.”

“Mbuzi ana sweta? Mbuzi amevaa sweta ya mistari aliyoifuma marehemu mama yangu?”

Nastasia alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Nimemfahamu wifi yangu miaka hamsini, na sijawahi kumwona amesimama vile.

“Ulitaka nifanye nini?” alisema. “Natokea konani nakuona umesimama uani, kamba shingoni, na askari amekupigia magoti na kitu usoni. Nilidhani anakupiga risasi! Ulitaka nikae nimekunja mikono kwa sababu ya majani?”

“Kwa hiyo ulitoa kiwiko.”

“Nilitoa mkono mzima, Gavrilă. Nilikuwa nikimwonyesha ngumi yule kijana, nikimtukana mpaka stesheni. Honi ndiyo iliyonifunika. Halafu unarudi nyumbani unacheka, unasema hakuna kiwiko, umefurahi hivyo. Ningekwambiaje? Nikasema mwaka huu atasahau. Ukaja mwaka mwingine. Halafu dada yako huyu na barua zake!”

Marehemu alirudisha kioo kwenye picha. Tuliona mabega yake yakitikisika, na Achim akakimbilia mtungi. Hakuwa akikosa hewa. Alikuwa akicheka, kama alivyocheka siku ile alipotoka mahabusu, mpaka machozi yakamfikia sikioni, na mkewe akiwa juu yake akisema, “Cheka taratibu, mzee, taratibu, utakufa.” Alipotulia aliomba penseli. Akaigeuza picha, akaandika kama alivyoandika nyuma ya zile elfu kumi na moja, kwa mwandiko unaosomeka. Nitawasomea:

“13 Oktoba 1983, saa 9.10 alasiri. Kona ya Nyuki. Kosa: hakuna.”

Gavrilă Dunca alifariki dunia nyumbani kwake Ijumaa, tarehe 18 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, mkewe akiwa ameshika mkono wake, mlima ukiwa katika siku yake ya tano.

Limebaki neno kuhusu msalaba, kwa kuwa limeleta maneno kijijini. Mtakumbuka kwamba mwaka 1996 marehemu, kama desturi yetu ilivyo, alijitengenezea msalaba wake angali mzima, na fundi Lazăr, kwa kujiamini kusikoelezeka, alichonga kabisa “1947–19”. Mwaka 2000 ulipoingia, marehemu alikwenda kumpa pole. Kibaya zaidi, kila msalaba hapa una picha ya marehemu kwenye kigae chenye umbo la yai, na katika picha elfu kumi na moja alizopiga Gavrilă, yeye mwenyewe hayumo hata katika moja. Uso wake uko mahali pamoja tu: kwenye picha ya sajenti.

Padri Ilarion, ambaye namheshimu, alishauri jana asubuhi kwamba namba ikatwe, kwa kuwa mtu akizikwa na “Na. 1” kifuani wageni watadhani alishinda mashindano. Fundi Lazăr alisema kigae cha kawaida kinatosha uso tu. Mlima, treni na mengineyo vikatwe. Nilikuwa nimeandaa hoja saba. Hazikuhitajika.

“Hakuna kukata,” mjane alisema. “Tengeneza kikubwa.”

“Mama Nastasia, kitakuwa kikubwa kama sahani ya kabeji.”

“Ndiyo hivyo. Kiweke hapo chini kifunike ile ‘19’ yako. Na cha kwangu usitengeneze siku yangu itakapofika. Mimi nimo humo tayari, behewa la tatu.”

Ndivyo kilivyo, na mnakiona. Nimekitazama tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sina pendekezo la marekebisho.

Marehemu ameacha mjane, Nastasia, binti, Sânziana, aliyewasili jana kutoka Italia, na mumewe Corrado, mwana, Achim, na mkewe Floarea, wajukuu wanne, Smaranda, Tiberiu, Lia na Horea, dada mmoja, mimi niliyewasomea haya, Sajenti Oltean mstaafu, ambaye ameomba aorodheshwe miongoni mwa wafiwa, na familia haina pingamizi, na Elvira.

Tangazo la mwisho. Baada ya sala, kabla chakula hakijaanza na kabla mtu yeyote hajafungua pombe ya plamu, tutabaki hapa kaburini hadi saa tisa na dakika kumi. Elvira atashuka Kona ya Nyuki akiwa amejaa wajukuu, wakata miti wa zamani na watalii waliokubali. Kwa ombi la marehemu mwenyewe, alilolitoa Jumatatu iliyopita akiwa na akili timamu mbele ya mashahidi, abiria wote, pamoja na Petrache, wameelekezwa kutoa viwiko nje. Nasi tulio huku chini tuwapungie.

Lala salama, kaka. Majani yameiva.